Wageni wa Nyumba ya Nyuma

Kiti kilikuwa kimoja.

Inspekta Khadija Feruzi alisimama katikati ya chumba, mikono nyuma, akaangalia kila pembe kabla ya kugusa kitu. Kiti kimoja cha mbao, meza moja, kikombe kimoja ambacho kahawa ilikuwa imekaukia chini yake. Sahani moja, kijiko kimoja, ndara jozi moja nyuma ya mlango. Kitanda cha mtu mmoja. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta iliyoachwa wazi, kioo chake cheusi, na simu iliyolazwa kando, bado imechomekwa kwenye chaja. Waya mweupe ulitoka kwenye kisanduku cha mtandao, ukapanda ukutani, ukapita chini ya bati kwenda kwenye kisahani cha juu ya paa.

Wenzake walikwisha kupita humu. Walitafuta damu, hawakuipata. Khadija hakutafuta damu. Alikuwa anatafuta kikombe cha pili.

Nyumba ilikuwa chumba kimoja na jiko la nje lililoegemea ukuta, nyuma ya ua wa Mama Germaine, upande wa Wagenia, wavuvi wa maporomoko, ambako mto haunyamazi. Mpangaji wake, Lionel Lituka, alizaliwa Kisangani, akapelekwa Ulaya akiwa mtoto, akarudi mwaka jana peke yake na masanduku mawili. Wazazi wake walikwisha kufa, na ndugu wengine hakuwajua. Alichora ramani za majengo kwa kampuni ya huko Ulaya, na kazi yote aliifanya mezani hapa. Sasa alikuwa hajaonekana tangu wiki iliyopita. Kampuni ilimwita bila jibu, mwisho ikawaandikia polisi. Karibu wakati huohuo Mama Germaine naye alikuja kituoni kulalamika juu ya harufu.

Polisi walivunja mlango wakitegemea maiti. Walichokuta ni samaki: beseni lililofunikwa kwa majani, limewekwa katika jiko la nje, na samaki ndani yake wameoza. Beseni lilitambuliwa. Lilikuwa la Zacharie, mvuvi wa maporomokoni. Vijana wa mtaa walimkamata na kumpiga kabla gari la polisi halijafika, na tangu siku hiyo alikuwa mahabusu.

Nje ya mlango uliovunjwa, Mama Germaine alikaa juu ya kigoda akichambua pondu, majani ya muhogo.

"Mama Germaine, nielezee tena juu ya wageni," Khadija alisema.

"Nimekwisha kuelezea bale bengine yote."

"Mimi sikuwepo."

"Bon." Aliweka majani pembeni. "Huyu mutoto alikuwa na wageni bengi. Asubui, muchana. Banaume, bamama. Banaongea français, banaongea kizungu ingine, banacheka. Siku ingine banabishana. Mi nasema moyoni, kumbe nimepangisha mutu mukubwa."

"Uliwaona?"

"Apana."

"Hata mmoja?"

"Banapitaka nyuma, ku mto. Kama banapita huku mbele ningebaona, mi ninakaaka hapa kutwa. Na nani iko na pirogue, ile mutumbwi? Zacharie. Iko ye alikuwa anabaleta."

"Wewe mwenyewe, uliingia kwake mara ya mwisho lini?"

"Kuingia kufanya nini? Mutu iko na wageni yake, niende kukaa katikati yao kama musumari?" Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Siku ya fête nilimuletea kuku. Nikafika pa mulango, nikasikia banacheka ndani. Nikarudia na sahani yangu."

"Na wageni hawa, uliwasikia mara ya mwisho siku gani?"

"Siku courant ilikatika. Ile transfo iliungua. Mupaka leo tuko giza."

"Kabla ya kukatika au baada?"

Mama Germaine alifikiri. "Kabla, banaongea. Halafu kimya."

"Walinyamaza polepole?"

"Apana. Mara moja. Mumoja alikuwa katikati ya kucheka."

"Hapa mtaani umeme ukikatika, watu hufanya nini?"

"Quartier nzima inalalamika. Hata batoto."

"Na wageni wa Lionel?"

"Nimesema kimya, mama."

"Hukusikia kiti kikivutwa? Mlango? Miguu ya watu wanaotoka?"

Mkono wa Mama Germaine ulibaki juu ya majani. "Apana," alisema baadaye. "Sikusikia miguu."

Khadija alirudi ndani. Mlango wa nyuma, ule wa upande wa mto, ulifungwa kwa komeo la chuma lililokula kutu. Kati ya komeo na fremu buibui alikuwa amejenga, na utando wake haukuwa na tundu hata moja. Alichuchumaa akafuata waya wa kisanduku cha mtandao. Kilichomekwa moja kwa moja ukutani. Hakikuwa na betri.

Kisha alikwenda kwenye mlango uliovunjwa akaangalia kitasa chake. Ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, si kwa kufuli. Aliyesimama nje asingeweza kujua kama mwenye nyumba yumo au hayumo. Ufunguo wenyewe haukupatikana.

*

Kituoni, Kamanda Lambert alikuwa na faili la Zacharie mbele yake na kalamu juu ya faili.

"Kesho asubui anaenda parquet, kwa muendesha mashtaka," alisema. "Kutoka pale, gereza. Mi nimemupa nafasi. Nimemuambia, taja majina ya wale wageni, tutajua nani alifanya nini. Anasema hajui majina."

"Labda hayajui, chef."

"Alibapitisha ku mto kwa pirogue yake, hajui majina?"

"Amekubali kwamba aliwapitisha?"

"Anakatala. Lakini mutu wa kwao aliomba radhi kwa niaba yake jana, inamaanisha nini?"

"Inamaanisha anamwogopea."

Lambert alisukuma faili kidogo. "Inspekta, iko mutu amepotea, iko samaki yameoza, na iko mutu mumoja alifika pale. Mi nahesabu tu."

"Niongee naye kwanza."

"Ongea. Mupaka kesho."

Walimleta Zacharie akiwa na pingu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mabega mapana, mdomo umevimba upande mmoja. Alikaa pale alipoonyeshwa.

"Papa Zacharie," Khadija alisema, "ulimjuaje Lionel?"

"Alikujaka pa maporomoko. Anakaa juu ya jiwe, anaangalia vile tunafunga miti ya mitego. Siku moja akachora ile miti yote kwa karatasi, kamba kwa kamba. Nikamupa samaki. Na kwetu, kwa baba yangu, ukimupa mutu samaki pa mitego, anakuwa wa hesabu. Kila tukitoa, ya kwake inabakia. Akichelewa kuja, unamupelekea."

"Siku ile ulimpelekea."

"Ndiyo. Nikafika pa mulango, nikaita: ko ko ko, Lionel, mi huyu, Zacharie. Mara tatu. Nikasikia bamama wawili na mwanaume mumoja banaongea ndani. Vile naita, bakashusha sauti. Nikajua nimebasumbua. Nikaweka beseni ku jiko, nikaifunika, nikaenda."

"Kwa nini hukuingia?"

Zacharie alimwangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuvua nguo barabarani. "Iko na wageni, mama. Nitaingia na samaki mukononi?"

"Sauti ya Lionel mwenyewe, uliisikia?"

Zacharie alitazama pingu zake.

"Apana. Nilifikiri iko anabasikiliza."

"Umeme ulikuwepo?"

"Ulikuwepo. Ilikatika nikiwa nimefika pa mtoni. Nilisikia batu banalalamika."

Lambert, aliyesimama mlangoni, alikohoa. "Umesikia? Bamama wawili, mwanaume mumoja. Majina hajui."

"Nimesikia, chef," Khadija alisema. "Nimesikia pia kwamba walishusha sauti."

*

Nambari aliyoipiga ilikuwa kwenye barua ya kampuni. Mwanamke aliyepokea aliitwa Nicole. Alikuwa mfanyakazi mwenzake Lionel, na ndiye aliyewasukuma wakubwa wake waandike kwa polisi. Walizungumza Kifaransa. Khadija alisimama nyuma ya kituo, chini ya ukingo wa bati, sikio moja likiwa limezibwa kwa kidole.

"Uko wapi, bibi?" aliuliza, kwa sababu swali hilo lilikuwa la kwanza kwenye kila maelezo.

"Mwezi huu niko kando ya bahari. Mwezi ujao sijui. Sisi wote tunahama. Kazi iko kwenye kompyuta."

"Timu yenu mko wangapi?"

"Wanne, pamoja na Lionel. Kila mmoja nchi yake."

"Mmewahi kukutana?"

"Hapana." Kulikuwa na kelele ya mvua upande wake. "Lakini tuko pamoja kutwa. Asubuhi kila mtu anafungua laini ya sauti, na tunaiacha wazi mpaka kazi iishe. Hatuzungumzi muda wote. Mmoja anachora, mmoja anacheka, mmoja anabishana na mteja. Ni kama kukaa ofisi moja. Bila hivyo mtu anaweza kupitisha siku nzima bila kusikia binadamu."

"Na kwa Lionel, sauti zenu zinatokea wapi?"

"Kwenye kipaza sauti cha kompyuta. Sauti yake aliiweka juu kabisa kwa sababu ya kelele ya mto."

Khadija alibadilisha sikio. "Mara ya mwisho alisema nini?"

"Alisema kahawa imemwishia, anatoka kununua. Akasema, msikate, niachieni sauti zenu. Alisema hivyo kila alipotoka. Hakupenda kurudi kwenye nyumba iliyo kimya."

"Halafu?"

"Tulisikia mlango. Kisha nje, kengele ya baiskeli. Kisha maporomoko tu."

"Alirudi?"

"Ndiyo, baadaye. Alirudi na mgeni."

"Ulisikia sauti yake?"

Mvua ilisikika vizuri zaidi.

"Tulisikia mgeni," alisema. "Mwanaume. Aliita mlangoni, kwa lugha ya huko, mara kadhaa. Tukafikiri Lionel yuko naye. Tulifurahi, unajua? Hatukuwahi kusikia mtu akimtembelea, hata siku moja. Tukashusha sauti zetu ili tusiwasumbue. Baada ya muda laini yake ikakatika. Umeme wa huko hukatika, tulizoea. Tulingoja kesho yake."

"Bibi Nicole," Khadija alisema, "wewe na wenzako mnaweza kuwa kwenye simu alasiri hii? Nataka mcheke kidogo."

*

Lambert hakupenda jambo hilo, lakini alikuja. Aliketishwa kando ya kigoda cha Mama Germaine, pale ambapo mama huyo hukaa kutwa. Khadija aliweka simu yake juu ya meza ya Lionel, sauti ikiwa juu, akaegemeza mlango uliovunjwa mahali pake, akatoka. Askari alimshika Zacharie mkono mbele ya mlango.

"Fanya kama siku ile," Khadija alimwambia. "Si zaidi."

Ndani, mwanamke alikuwa anasema jambo kwa Kifaransa juu ya ngazi zilizochorwa vibaya. Mwanamke wa pili akacheka. Mwanaume akajitetea. Kupitia mbao za mlango zilikuwa sauti za watu waliokaa, walioshiba, walio kwao.

"Njo bao," Mama Germaine alisema kutoka kigodani. "Njo bao kabisa. Wageni yake."

Zacharie alitazama mlango. Kisha akaita, bila kupaza sana:

"Ko ko ko. Lionel. Mi huyu, Zacharie."

Sauti za ndani zilishuka mara moja. Mwanamke mmoja alinong'ona kitu. Kimya. Kisha Nicole akasema, polepole, kwa Kifaransa kilichosikika hadi uani:

"Ni yeye. Huyo ndiye aliyeita. Ni sauti hiyohiyo na maneno yaleyale."

Lambert aliinuka. Alivuka ua, akausogeza mlango kwa mguu, akachungulia. Aliangalia kiti, meza, na simu iliyokuwa inawaka juu ya meza. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Donc hakuna wageni," alisema.

"Hawakuwepo kamwe. Komeo la nyuma lina utando wa buibui. Sauti zilikatika umeme ulipokatika, kwa sababu kisanduku cha mtandao hakina betri. Mama Germaine hakusikia miguu kwa sababu hapakuwa na miguu."

Mama Germaine alikuwa ameshika goti lake. "Mwaka nzima," alisema, si kwa mtu yeyote. "Mwaka nzima mi napita mbali ya huu mulango."

"Bon," Lambert alisema. Alimvuta Khadija kando. "Hii inanionyesha hakuna wageni. Haionyeshi huyu mutu iko wapi. Kama hakuna wageni, Zacharie njo anabakia peke yake. Umemuongezea, haujamupunguzia."

"Zacharie aliita mlango wa nyumba ambayo ilikuwa tupu tayari. Lionel alikuwa ametoka kabla yake. Aliacha simu kwenye chaja, aliacha laini wazi. Mtu wa hivyo anakwenda karibu na anarudi."

"Hakurudi."

"Alipanda baiskeli. Nicole alisikia kengele yake."

"Kesho asubui, Inspekta," Lambert alisema. "Mi siwezi kumuweka hapa kwa sababu ya kengele."

*

Pikipiki zimechukua karibu kazi yote ya mjini, lakini kwenye kona ya barabara ya Mama Germaine bado walisimama watu wachache wa toleka, baiskeli zenye kiti cha sponji nyuma na kitambaa cha rangi. Khadija hakuuliza juu ya mtu aliyepotea. Mtaa mzima ulikuwa umelijibu swali hilo, na kila aliyelijibu aliwalaumu Wagenia. Alizunguka baiskeli akiziangalia kama mnunuzi.

Moja ilikuwa kuukuu kila mahali isipokuwa gurudumu la mbele. Rimu ilikuwa mpya, spoku zinang'aa.

"Papa, unipeleke pale wanauza kahawa nzuri," alimwambia mwenyewe, mtu mwenye ndevu za mvi aliyejiita Guelord.

"Kahawa iko ku soko kidogo. Panda, mama."

Alipanda. Waliondoka. Penye njia panda Guelord aliiacha barabara ya moja kwa moja, akaingia kwenye vichochoro, akapiga kengele kuwaonya kuku na wanawake wenye ndoo.

"Si ingekuwa karibu kwa barabara ile?"

"Ile iko mbaya."

"Mashimo?"

"Iko mbaya tu."

"Gurudumu lako liliharibikia pale?"

Baiskeli ilipunguza mwendo. Ikasimama karibu na ukuta wa kanisa. Guelord hakugeuka.

"Mama iko polisi," alisema.

"Ndiyo. Nilitaka kukwambia tukifika. Nani alikuwa nyuma yako siku ile?"

"Ule wa parcelle ya Mama Germaine, ku nyumba ya nyuma. Ule mupole." Alishika usukani kwa mikono yote miwili. "Moto, ile pikipiki, ilitoka upande, ikatupiga, ikakimbia. Mi nilianguka ku majani. Ye akaanguka ku barabara. Muguu wake ulikuwa hapa," alionyesha, "na unaangalia kule. Na kichwa pia iligonga."

"Yuko hai?"

"Nilimuacha hai. Tulimubeba na batu wa barabara mupaka centre de santé. Nilisema mi ni mupita njia tu. Kama ningesema mi njo nilikuwa namubeba, bangenishika mi. Ile moto nani ataiona tena?"

"Ulirudi kumwangalia?"

"Nilipita pale mbele. Mara nyingi."

"Uliingia?"

"Apana. Nilifikiri famille yake imekwisha kufika. Ningesema nini mbele yao?"

"Ulisikia kwamba Zacharie amekamatwa?"

Guelord alifuta uso kwa kiganja. "Nilisikia," alisema. "Kila asubui naamuka nasema, leo nitaenda kusema."

"Basi twende," Khadija alisema. "Kwa barabara ile mbaya."

*

Muuguzi wa zamu wa kituo cha afya alikuwa mwanamke mnene mwenye kalamu ndani ya nywele. Hakuhitaji maelezo marefu.

"Chumba ya mwisho," alisema. "Lionel. Jina alitupa siku ya kwanza, kabla ya homa kupanda. Nikamuuliza, tuite nani? Akasema hakuna mutu. Nikafikiri ni kichwa, sababu aligonga kichwa. Kesho nikamuuliza tena. Akasema hakuna."

"Hamkutuma mtu nyumbani kwake?"

"Nilimuambia, tupatie adresse, tutume mutu. Akasema: nani atafungua?" Muuguzi alichomoa kalamu, akairudisha. "Anakula chakula ya batu ya vitanda vingine. Banamugawia. Lakini hana garde-malade. Hapa mugonjwa bila mutu wake, mama, siku ni ndefu."

Lionel alilala kwenye kitanda cha dirishani, mguu umefungwa kwa mbao na bandeji, nywele zimenyolewa upande mmoja kuzunguka jeraha. Ufunguo wa nyumba ulining'inia kwenye uzi shingoni mwake. Homa ilikuwa imeshuka kiasi cha kumwezesha kufuata maneno. Khadija alijitambulisha, akavuta kigoda, akauliza maswali kwa utaratibu wake: alitoka kufanya nini, alipanda nini, alianguka wapi. Majibu yalilingana na ya Guelord, aliyesimama mlangoni akiwa ameshika kofia.

"Wenzako wamekutafuta," alimwambia. "Nicole hasa."

"Nilijua watakuwa wananingoja," Lionel alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto aliyekiacha mapema, maneno machache, safi. "Lakini wao wako mbali. Na hapa... hapa sikujua mtu ataona kama sipo."

"Kuna mtu alikuja mlangoni kwako siku hiyohiyo. Aliita mara tatu."

"Nani?"

"Zacharie."

Lionel aligeuza kichwa juu ya mto. "Zacharie alikuja? Kwa nini hakuingia?"

"Alisikia una wageni."

Lionel alitazama dari, na Khadija akasema lililobaki, kwa sababu halikuweza kungoja: kwamba Zacharie yuko mahabusu, kwamba watu walimpiga, kwamba kesho asubuhi anapelekwa kwa mwendesha mashtaka kwa ajili ya kifo cha mtu anayelala kwenye kitanda hiki.

"Niandikie chochote," Lionel alisema. "Nitatia sahihi."

"Utatia. Lakini kamanda wangu ataniuliza nani amekutambua kwamba ndiwe Lionel Lituka. Anahitaji mtu aliyekujua kwa uso. Mama Germaine anasema tangu siku ya kupangisha amekuona kwa mgongo tu, ukipita, na Guelord hajui jina lako. Kuna mwingine?"

Lionel alifikiri kwa bidii, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya nyumba ambayo anajua haina kitu.

"Yeye tu," alisema.

Khadija alitoka uani akampigia Lambert. Kamanda aliuliza maswali mawili, akasema gari linakuja.

Zacharie aliletwa akiwa bado na pingu, askari mmoja kulia, mmoja kushoto. Wagonjwa walinyamaza alipopita kati ya vitanda. Alisimama mwisho wa kile cha dirishani.

"Papa Zacharie," Khadija alisema, "unamjua mtu huyu?"

"Namujua. Iko Lionel."

"Una hakika?"

"Nimekula naye, mama."

Khadija alifungua pingu mwenyewe. Ziliacha mistari miekundu juu ya mikono ya mvuvi, na Lionel aliiona.

"Balinipiga juu ya wageni yako," Zacharie alisema.

"Sikuwa na wageni."

"Sasa najua."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake, wala msamaha. Aliangalia mguu uliofungwa, shuka ambalo halikubadilishwa, shati lililokuwa na damu kavu ya siku ya ajali. Alimwangalia mtu wa kitanda jirani ambaye binti yake alikuwa anampangusa shingo kwa kitambaa. Kisha akaangalia tena shati.

"Nani anakuogesha hapa?" aliuliza.

Lionel aligeuza uso kuelekea dirishani.

Zacharie aliinama, akavuta ndoo iliyokuwa chini ya kitanda, akachungulia ndani yake, akaitikisa. Halafu akapita kati ya askari wawili bila kuwaomba njia, akatoka mlangoni kwenda kutafuta maji. Askari wa kulia alipiga hatua moja nyuma yake kwa mazoea, akamtazama Khadija.

"Mwache," Khadija alisema.